Nguo Kumi na Nne za Mwili Mmoja

RISALA YA KIKUNDI CHA TUPA NIVAE KWA MHESHIMIWA DIWANI GEOFFREY SHIVACHI
Mashimoni, Kibera, Agosti 2008

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Shivachi. Mlezi wetu Mwalimu Ambrose. Mama zetu na baba zetu wa Mashimoni na Silanga. Wageni wetu mliotembea kwa miguu kutoka Kawangware. Na nyinyi mlioketi juu ya paa la kioski ya maji ingawa mwenye kioski amewaomba mara tatu mshuke: hamjambo nyote.

Mimi ni Nabwire, katibu. Nina miaka kumi na sita, na nilichaguliwa kwa ajili ya sauti hii mnayoisikia. Risala tumeiandika sote, kisha Mwalimu Ambrose akaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mistari aliyoikata ni mingi na nitajitahidi kuiruka. Lakini karatasi ilimwagikiwa na chai jana na wino mwekundu umefifia, kwa hivyo nikisoma nisichopaswa kusoma, tafadhali lawama ziende kwa chai.

UKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu sana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila leo hata sisi hatuna hakika nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, maana mlango ulio nyuma ya jukwaa letu, ule uliopakwa rangi mpya ya kijani, ni wa ofisi yako. Tulipokuja kukuomba utupe ofisi kwa siku moja iwe chumba cha kubadilishia nguo, hukusita hata kidogo. Ulisema, "Vijana wangu, chukueni, ofisi ni ya wananchi." Maneno hayo tuliyaandika siku ile ile, pamoja na tarehe.

Jukwaa letu ni milango minne mikuukuu iliyolazwa juu ya mitungi ya maji. Likilia usishtuke, huo ndio mlio wake.

Umeona nguo kumi na nne zikipita juu yake. Na kwa kuwa Mheshimiwa si kipofu, na miwani ni mpya, umeona pia kwamba aliyezivaa zote kumi na nne ni msichana mmoja. Watu wamenong'ona. Mzee mmoja hapa mbele ameuliza kwa sauti, "Kwani Kibera wasichana wameisha?" Hawajaisha, mzee wetu. Wapo wengi na wazuri, na mmoja wao anakusomea risala. Lakini mwenye nguo hizi ni huyo mmoja tu, jina lake Njambi, na ukishasikia kwa nini, utajua pia kwa nini tumekualika wewe na si mheshimiwa mwingine.

HISTORIA FUPI YA KIKUNDI

Tupa Nivae ilianza Aprili mwaka wa 2006, likizoni, tukiwa watu sita. Shule ilitutuma kuokota taka kando ya bwawa, kule Silanga, kwa sababu ya siku ya mazingira. Kila mtu alijaza gunia lake akaenda zake, isipokuwa Kavoi, ambaye leo ni mwenyekiti wetu. Kavoi alikaa chini, akatoboa pakiti za maziwa kwa mwiba, akaziunganisha kwa utepe wa kaseti, akarudi kwao amevaa koti. Mama yake alimchapa kwanza. Kisha akalichukua lile koti, akaligeuza ndani nje, akamwuliza mishono hiyo alifunzwa na nani. Halafu akaenda kulalamika kwa majirani: "Ai, huyu mtoto! Mimi nikitupa, yeye anavaa!" Jina letu likapatikana hapo hapo bila kikao.

Hatununui kitambaa. Tunashona pakiti za maziwa, tyubu za baiskeli, vifuniko vya soda, miavuli iliyovunjika mbavu, magunia ya mchele, na zile picha za eksirei ambazo watu huzitupa wakishapona. Lile gauni jeusi la nne mlilolipigia vigelegele lina vifua vya watu tisa tusiowajua. Tunawashukuru popote walipo na tunawaombea afya.

Sasa, wabunifu wa mjini wana sanamu ya kushonea, ina mabega na kiuno, na haichoki. Sisi tulikuwa na Njambi. Si kwamba wengine hatukujaribu. Kavoi akiguswa kwapani anacheka mpaka analala chini. Lusweti, mweka vifaa wetu, akisikia tu mpira unapigwa nje anatoka mbio na pini zote mwilini. Mimi naongea, na mtu anayeongea kifua chake kinapanda na kushuka, vipimo havikai. Lakini Njambi alijua kusimama. Tulimpandisha juu ya kreti ya soda, akatulia hapo saa mbili nzima, akituambia tu, "Hapo kwa bega mmekosea," na kweli tulikuwa tumekosea.

Tepu ya fundi hatukuwa nayo. Tulikuwa na uzi mmoja wa gunia wenye mafundo: fundo la kwanza shingo, la pili kifua, la tatu kiuno, hivyo hivyo mpaka kifundo cha mguu. Tuliuita uzi wa Njambi. Na kazi yote tuliifanyia kwa mama yake, Mama Njambi, aliyekuwa akiuza githeri na chapati mlangoni kwake hapa Mashimoni. Nyumba ya vyumba viwili, aliyoijenga mwenyewe bati moja moja. Kila Jumamosi alitupa chumba cha mbele, na tukimaliza alitulisha, kisha akatugombeza kwa kuacha vifuniko vya soda sakafuni. Nyumba hiyo unaijua, Mheshimiwa. Wakati huo mlango ulikuwa wa buluu.

Kufikia Disemba ya mwaka jana tulikuwa na nguo kumi na nne tayari. Na hapa ndipo penye kosa letu, mlicheke sasa tumalizane: zote kumi na nne tulizikata kwa uzi ule mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza. Watu sita wenye akili, wengine walio nambari nne darasani! Tulidhani Njambi yupo, na atakuwapo.

Tulikuwa tumepanga kuzionyesha Januari. Siku ya mwisho ya mwaka, siku moja baada ya matokeo ya kura kutangazwa, Njambi na mama yake waliondoka Mashimoni na vile walivyoweza kubeba mikononi. Hawakuondoka kwa kupenda.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, usione vyaelea, vimeundwa. Pamoja na yote yaliyotokea, kikundi kilipiga hatua.

Kwanza tulipata malighafi kwa wingi usio wa kawaida. Ule mshipi wa nguo ya saba, unaolia kengele Njambi akitembea, ni mikebe ya vitoa machozi. Serikali ilituletea bure, mpaka mlangoni, na wakati mwingine mpaka ndani. Na kampeni zilipoisha yalibaki mabango, hasa yako, Mheshimiwa. Ulituachia bango refu kama kichochoro, lenye sura yako mara kumi na mbili, na ni kitambaa imara, hakipitishi maji wala hakichuji. Hatuwezi kusema hivyo kuhusu wagombea wengine.

Pili, tulitengeneza sanamu yetu wenyewe. Januari ilipita, tukazijaribu zile nguo kwa watu wengine. Mimi nilichana moja mgongoni. Lusweti aliingia katika ile ya miavuli, akakwama, ikabidi tumkate atoke, yeye si nguo, maana tulikata nywele. Basi Kavoi akachukua uzi wa Njambi, tukashona magunia, tukayajaza maranda kutoka kwa seremala, fundo kwa fundo, mpaka tukampata Njambi wa gunia. Tulimvisha viatu vya mama yake Kavoi ili asimame.

Mwisho wa Februari tukasikia kwamba Njambi mwenyewe yuko Kawangware kwa shangazi yake. Kavoi akasema lazima huyu wa gunia apelekwe akapimwe na mwenye mwili. Wakamlaza juu ya mkokoteni, yeye na Lusweti, wakamfunika blanketi, viatu vikatokeza. Mnajua njia zilivyokuwa siku zile. Hawakufika mbali, wakakuta mawe yamepangwa njiani na vijana wamesimama.

"Niaje. Huyo mmebeba ni nani?"

Lusweti, ambaye Mungu alimnyima uongo, akajibu, "Ni Njambi."

Wakasogea karibu. Jina lenyewe mnaelewa, siku zile lilitosha kutaja kabila. Mmoja akauliza, "Amekufa?"

"Hajawahi kuishi."

"Wee! Usituchezee. Ni kabila gani?"

"Maranda," akasema Lusweti.

Kijana mmoja akachomoa panga, akachoma blanketi, na maranda yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Mheshimiwa, walicheka mpaka mmoja akakaa chini juu ya jiwe lake mwenyewe. Ila yule mkubwa wao hakucheka sana. Alimwuliza Lusweti kwa sauti ya chini, "Na mwenye jina yuko wapi?" Lusweti akamwambia. Yule akarudishia blanketi, akasema, "Mwambieni... aah, mwambieni tu tumemwona." Akasogeza mawe, mkokoteni ukapita. Wengine wao wako kule nyuma wameegemea ukuta, wakijifanya hawanisikii. Sasa, maboyz. Karibuni viti.

Tatu, tulipata tawi. Walipofika Kawangware walimkuta Njambi ameketi na wasichana watano, amewafundisha kutoboa vifuniko vya soda kwa msumari na kuvifunga kama magamba ya samaki. Kiongozi wao ni Nthenya, aliyezaliwa kule kule. Siku hiyo Nthenya aliwaambia Kavoi na Lusweti kwamba mishono ya Kibera ni ya watu walio na haraka ya kwenda chooni. Tangu siku hiyo sisi ni kikundi kimoja. Njambi naye alimtazama yule wa gunia mbele na nyuma, akasema, "Haki ya Mungu, mimi sina makalio hayo." Halafu akalia, na Kavoi akalia, na Lusweti akaenda kuangalia gurudumu la mkokoteni ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Tulimpima upya. Alikuwa amerefuka vidole vitatu. Kwa hivyo nguo zote kumi na nne zilikuwa zimekataa hata mwili wenyewe. Tulizifumua, tukaziongeza ukanda kiunoni, na ukanda huo, Mheshimiwa, ndilo lile bango lako. Kama uliona jicho moja mbele na jingine nyuma, ni lako. Tulijitahidi mdomo usiangukie pabaya, na katika nguo kumi na mbili tumefaulu.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni mkasi. Tuna mmoja, na unatembea kati ya Kibera na Kawangware mfukoni mwa Kavoi, na umeshamchoma mara mbili. Changamoto nyingine ni panya, ambao wamemla Njambi wa gunia mguu wa kushoto.

Changamoto ya tatu Mwalimu Ambrose ameikata yote, mistari kumi na tisa. Ameandika pembeni, "Nabwire, tafadhali." Mwalimu, nisamehe. Chai imefuta.

Changamoto yetu ni kwamba Njambi hana pa kurudi. Nyumba yao haikuchomwa, haikuanguka, haikuuzwa. Ipo. Mnaiona. Walipoondoka ilikaa wazi wiki tano. Februari vijana wakaipaka rangi, wakaweka kibao, wakakukabidhi wewe funguo. Sisi tunaamini, Mheshimiwa, kwamba hukuambiwa ni ya nani. Tunaamini kabisa. Tumekubaliana sote kuamini hivyo, na tulipiga kura, na hiyo kura haikuleta fujo. Ni vile tu tumeona miezi sita ni mingi kwa mtu mwerevu kutouliza.

Usidhani tunakunyoshea kidole wewe peke yako. Ngoja nianze na kwetu. Thamosi ya Mama Njambi, ile nyekundu yenye kifuniko kilichopasuka, ilikuwa kwetu. Mama yangu aliichukua Januari, akasema anaitunza. Yuko pale safu ya pili, amejifunika uso kwa leso, na nitalipia hili nikifika nyumbani. Aliitunza kweli, hakuna aliyeivunja. Lakini tulikunywa chai ndani yake kila asubuhi, mimi pia, na nilijua ni ya nani. Mama huyo alinilisha kila Jumamosi kwa karibu miaka miwili. Niliona aibu, na niliendelea kunywa. Siwezi kuisema vizuri kuliko hivyo.

Mwezi wa tano tukaanza kwenda Kawangware kumwomba Mama Njambi arudi. Tulienda Jumapili saba. Ya kwanza hakutufungulia. Ya pili alitufungulia akatugombeza kwa viatu vichafu, tukajua tumesamehewa kidogo. Nthenya alimwambia, "Mathe, si uende nao tu, ni kwako." Akamjibu, "Kwangu ni wapi? Kuna mtu ndani." Tukamwambia tutaenda kwa chifu, tutaandika barua, tutamtafuta wakili. Akakataa. Jumapili ya saba alituambia hivi, na nimeandika neno kwa neno:

"Sitaki polisi. Sitaki barua. Nikirudishwa na askari, askari akienda zake nitabaki na nani? Nataka yule anayekaa ndani asimame mbele ya majirani wote, aseme ni kwangu. Akisema, siku hiyo hiyo nalala hapo. Asiposema, Jumatatu nampeleka mtoto wangu Kinangop kwa nyanya yake, asome huko, na nyinyi mtafute mwingine wa kusimamisha juu ya kreti."

Jumatatu, Mheshimiwa, ni kesho kutwa.

MAOMBI

Risala zote huomba. Mwalimu alitupangia maombi mazuri: cherehani mbili, mkasi na taa. Tumeyaondoa. Tuna ombi moja, na kwa kuwa nusu yake tumeshajifanyia wenyewe, tunaanza kwa kuungama.

Asubuhi ulipofika ulitukuta tukiingiza ndani kitanda. Ukauliza ni cha nini, tukakwambia ni cha maonyesho. Likafuata godoro, jiko, masufuria, kabati la vyombo na pazia la maua. Ukasema, "Vijana wangu, haya maonyesho ni makubwa!" Ukatushikia mlango kwa mkono wako, godoro likapita. Asante kwa hilo. Vitu vyote hivyo ni vya Mama Njambi. Wiki nzima tulizunguka mlango kwa mlango tukiviazima: "Mama, tuazime kile kitanda tupambe jukwaa." Hakuna aliyekataa. Wengine walitutazama usoni muda mrefu kabla ya kukubali. Baba mmoja alikipangusa kitanda vizuri, akaongeza blanketi ambalo halijawahi kuwa la Mama Njambi, akatuambia twende haraka kabla mkewe hajarudi.

Kwa hivyo, majirani wapendwa, tunatangaza rasmi kwamba vifaa mlivyotuazima havirudi. Mkivikumbuka, bisheni hodi mvisalimie.

Mheshimiwa, tafadhali keti. Bado kidogo tu. Kuhusu ofisi yako usiwe na wasiwasi. Hiyo meza iliyo mbele yako, chini ya kitambaa cheupe na maua, ni meza yako. Hicho kiti ulichozunguka nacho tangu nguo ya sita ni kiti chako. Muhuri uko kwenye droo ya kulia, na faili ziko ndani ya lile sanduku ulilowekea miguu. Ofisi yote imehamia hapa nje, haijapotea hata karatasi moja, Nthenya ana orodha na utaisaini. Halafu kuna kile chumba cha kanisa kando ya kioski ya maji. Mwalimu Ambrose ameshakuombea kwa pasta kiwe ofisi yako, na pasta amekubali. Mwalimu, hilo hukuliandika popote, lakini mke wa pasta ni shangazi yake Lusweti.

Mama Njambi yuko ndani. Amekuwa ndani tangu asubuhi, ndiye aliyekuwa akimfunga Njambi vifungo na kumsukuma nje. Ni mara yake ya kwanza kukanyaga Mashimoni tangu siku ile. Alikuja kwa sababu tulimwambia nguo kumi na nne haziwezi kuvaliwa haraka bila mtu mzima kusaidia, na hilo ni kweli. Njambi alipomaliza ile ya mwisho na kuingia, mliona hakutoka tena kuinama pamoja nasi. Wameketi wawili ukingoni mwa kitanda. Jiko halijawashwa. Mifuko waliyokuja nayo haijafunguliwa, na Mama Njambi hajavua viatu.

Tumetania sana katika risala hii, kwa sababu tukiacha kutania tutaogopa. Tunaogopa hata sasa. Ukinyamaza, au ukisema utalifuatilia suala hili, au ukaunda kamati, watainuka watoke kwa mlango huu mbele ya watu wote, na hakuna mtu hapa atakayepata ujasiri wa kuwazuia, kwa sababu hata kitanda hatukuthubutu kukidai, tulikiiba kwa kuazima. Mimi nitampoteza rafiki yangu. Tunakupenda kama mjomba wetu, lakini tutakumbuka.

Hotuba yako tumekuandikia. Iko chini ya chupa ya soda. Ni fupi, ina sentensi moja: "Hii ni nyumba ya Mama Njambi." Hatukutia serikali, wala maendeleo, wala kura. Ukitaka kuongeza yako, ongeza baadaye, tutapiga makofi kwa yote. Ila hiyo iwe ya kwanza. Na uisome umegeukia mlangoni, kwa sauti, kwa maana sikio la kushoto la Mama Njambi halisikii vizuri tangu siku ile.

TAMATI

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mungu akupe koo safi na maneno machache. Aibariki Mashimoni, aibariki Silanga, aibariki Kawangware na njia yote iliyo katikati, pamoja na wote waliowahi kuipanga mawe. Ambariki Mwalimu Ambrose na kalamu yake. Ambariki mama yangu, na anipunguzie adhabu. Sasa tunanyamaza ili usikike.

Ni sisi wanao,
Kikundi cha Tupa Nivae,
Kibera na Kawangware.
Wanachama kumi na mmoja, Njambi tukimhesabu.